Kupima mkondo wa umeme kwenye mfumo mdogo wa sola: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu mifumo ya volti 12 na 24: paneli moja hadi nne, kontrola ya chaji, betri, taa na pengine inveta ndogo (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa AC kama wa nyumbani). Vipimo vingi vya ajabu havitokani na mita mbovu, bali na mita nzima iliyowekwa kwenye waya usio wake. Ndiyo maana karibu kila jibu linaanza na swali moja: unapima waya upi?

## Mambo ya msingi

1. Volti nimepima na ziko sawa. Ampea za nini tena?

Volti zinakwambia umeme uko tayari. Ampea zinakwambia kama unatembea. Paneli yenye kiungo kilicholegea inaweza kusoma volti 20 ikiwa haijafungwa popote, ukaiona nzima, kumbe ukiipa mzigo inatoa nusu ampea. Betri iliyochoka nayo husoma volti 12.7 asubuhi, kisha taa zikafifia kabla hamjalala.

Ukishakuwa na ampea, wati ni kuzidisha tu: volti mara ampea. Ukizidisha ampea kwa saa unapata ampea-saa, kipimo kilekile kilichoandikwa ubavuni mwa betri.

2. Nitarajie kusoma ampea ngapi?

Gawanya wati kwa volti za mahali hapohapo unapopima. Paneli ya wati 100 iliyotengenezwa kwa ajili ya betri ya volti 12 hufanya kazi vizuri kwenye volti 18 hivi, kwa hiyo kilele chake ni kama ampea 5.5. Taa ya wati 6 kwenye volti 12 inakula nusu ampea. Inveta inayoendesha vifaa vya wati 300 huvuta karibu ampea 28 kutoka betri ya volti 12, kwa sababu yenyewe inapoteza sehemu ya umeme njiani.

Piga hesabu hii kabla ya kushika mita. Ndiyo itakayokwambia kama tundu la ampea 10 linatosha au utaunguza kitu.

3. Kwa nini ampea za upande wa paneli hazilingani na zinazoingia kwenye betri?

Inategemea aina ya kontrola. Kontrola ya PWM ni kama swichi inayofunga na kufungua haraka: inapokuwa imefunga, paneli imeunganishwa moja kwa moja na betri, na ampea zinazotoka ndizo zinazoingia. Kontrola ya MPPT hubadilisha volti za ziada kuwa ampea. Paneli ikitoa ampea 5 kwenye volti 18, hizo ni wati 90. Zikipungua kidogo ndani ya kontrola, betri iliyo kwenye volti 13 itapokea ampea 6.5 hivi. Hakuna kilichoharibika.

Ukisoma ampea zilezile pande zote mbili mchana kutwa kwenye kontrola iliyoandikwa MPPT, huku volti za paneli zikiwa karibu sawa na za betri, una kila sababu ya kuishuku. Ziko PWM nyingi zilizobandikwa jina la MPPT, na kipimo hiki huzifichua ndani ya dakika mbili.

## Kuchagua kifaa

4. Multimita, klempu mita au shanti: ipi inanifaa?

Multimita ya kawaida inatosha kwa paneli moja, taa na mikondo midogo, mradi usizidi ampea 10 na usipime kwa muda mrefu. Kasoro yake ni kwamba lazima ukate njia ya umeme ili mkondo upite ndani ya mita.

Klempu mita huhisi sumaku inayouzunguka waya, kwa hiyo hukati chochote. Kwa inveta na nyaya nene za betri, hii ndiyo ya kutumia. Shanti, kipande cha chuma kinachoelezwa kwenye swali la 6, hufungwa kwenye waya mara moja na kukaa hapo, ikisoma usiku na mchana. Anayetaka kujua betri imebakiza kiasi gani ahitaji shanti; anayetafuta hitilafu ahitaji klempu.

5. Nitajuaje kama klempu yangu inapima mkondo wa sola?

Mkondo wa paneli na betri ni mkondo mnyoofu, yaani DC. Klempu nyingi za bei ya chini hupima AC peke yake, yaani mkondo unaogeuka mwelekeo kila mara: ndani yake mna koili inayohitaji sumaku ibadilikebadilike, na mkondo mnyoofu haubadiliki. Utaona sifuri hata kama waya unapitisha ampea 30.

Angalia alama iliyo kando ya herufi A kwenye swichi ya kuzungusha. Wimbi peke yake ni AC. Mstari ulionyooka wenye nukta chini yake ni DC. Klempu ya DC pia huwa na kitufe cha kurudisha sifuri. Usichanganye na uwezo wa kupima volti za DC kwa ncha zake; huo karibu kila klempu inao.

6. Shanti ni nini, na namba zilizoandikwa juu yake zina maana gani?

Ni kipande cha chuma chenye ukinzani mdogo sana unaojulikana kwa usahihi. Mkondo ukipita, volti kidogo huonekana kati ya ncha zake mbili, nawe unapima volti hizo badala ya mkondo wenyewe. Iliyoandikwa 50A 75mV itaonyesha milivolti 75 ikipitisha ampea 50. Ukisoma milivolti 12, mkondo ni 12 × 50 ÷ 75, yaani ampea 8.

Shanti hupata joto: hiyo hiyo, kwenye ampea 50, inatoa karibu wati 3.75 za joto. Kwa kazi ya kudumu usiipitishe zaidi ya theluthi mbili ya uwezo wake, na usiifunike kwa tepu.

## Kupima kwa multimita

7. Nifuate hatua zipi ili nisiharibu kitu?

Mfano ni kupima mkondo unaotoka kwenye paneli kwenda kwenye kontrola.

1. Funika paneli kwa blanketi au kadibodi nzito. Mkondo mnyoofu ukikatwa katikati ya kazi hupiga cheche ndefu inayokula viungo.
2. Chomeka waya mweusi wa mita kwenye COM na mwekundu kwenye tundu la 10A, si kwenye tundu la volti.
3. Zungusha swichi hadi 10A ya DC.
4. Chomoa waya chanya wa paneli kwenye kontrola. Ncha nyekundu ya mita ishike waya huo, nyeusi iguse taminali chanya ya kontrola iliyoachwa wazi. Mita sasa ni sehemu ya njia.
5. Funua paneli, soma, kisha funika tena.
6. Rudisha waya mahali pake. Halafu, kabla ya kufanya lolote lingine, rudisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la volti.

Multimita nyingi ndogo zimeandikwa ukomo wa sekunde 10 kwa tundu la 10A, kisha mapumziko ya dakika 15. Maandishi hayo si mapambo: ukiendelea, nyaya za mita hulainika na kipimo huanza kuteleza.

Kama unapima kwenye waya wa betri, anza kwa kuchomoa paneli. Kontrola iliyopoteza betri huku jua linawaka inaweza kupeleka volti za paneli moja kwa moja kwenye taa.

8. Nimegusisha ncha za mita kwenye betri ikiwa kwenye ampea, ikapiga cheche. Kimetokea nini?

Umepiga shoti. Mita ikiwa kwenye ampea ni sawa na kipande cha waya mnene. Ukikiweka kati ya chanya na hasi ya betri, hakuna kinachozuia mkondo isipokuwa nyaya za mita na betri yenyewe. Betri ndogo ya gari au ya sola inaweza kusukuma zaidi ya ampea 100 katika hali hiyo.

Ampea hupimwa kwa kukata njia na kuiunganisha kupitia mita. Volti ndizo zinazopimwa kwa kugusa chanya na hasi. Kosa hili mara nyingi huwapata watu waliopima ampea jana na leo wakataka volti bila kuhamisha waya mwekundu, na ndiyo sababu ya hatua ya 6 hapo juu.

Ikiwa mita ilikuwa kwenye tundu la mA (miliampea), huenda imekufa fyuzi tu. Ikiwa ilikuwa kwenye 10A, angalia kando ya tundu: mita za bei rahisi huandikwa UNFUSED, maana yake hakuna fyuzi ya kukukinga, na kilichoungua kinaweza kuwa nyaya, mita au vidole. Mita ya namna hiyo usiitumie karibu na betri bila kuweka fyuzi yako ya ampea 10 kwenye njia.

9. Mita inasoma 0.00 kila ninapopima ampea, lakini volti inapima vizuri.

Fyuzi ya ndani imekatika. Njia ya volti haipiti kwenye fyuzi hiyo, ndiyo maana mita inaonekana nzima. Fungua mgongo wa mita, toa fyuzi, ipime kwa mlio wa kuendelea kwa umeme. Weka nyingine yenye ampea na volti zilezile. Usiizungushie karatasi ya fedha. Kama fyuzi ni nzima, hakikisha waya mwekundu uko kwenye tundu la ampea na kwamba kweli umekata njia.

10. Namba ina alama ya kutoa mbele. Nimekosea?

Hapana. Mkondo unaingia kupitia ncha nyeusi na kutoka kwa nyekundu. Kwenye waya wa betri alama hiyo ni faida: ukiamua kwamba chanya ni kuchaji, kutoa kutakuwa matumizi.

11. Naweza kuishoti paneli kupitia mita ili nijue kama ni nzima?

Ndiyo, paneli tu, kamwe si betri. Paneli haiwezi kutoa zaidi ya mkondo wake wa shoti, ulioandikwa Isc kwenye lebo ya nyuma. Paneli ya wati 100 huwa karibu na ampea 6. Ichomoe kabisa kwenye mfumo, mita iwe kwenye 10A, nyekundu kwa chanya, nyeusi kwa hasi.

Mkondo huu hufuata nguvu ya jua karibu sawa kwa sawa. Isc iliyoandikwa ni ya jua la wati 1000 kwa mita ya mraba. Ukisoma ampea 5 kwenye paneli ya ampea 6, jua lako lina kama wati 830, au paneli ni chafu. Ipanguse, upime tena. Joto la paneli huteremsha volti, si mkondo huu, kwa hiyo kipimo cha shoti hakitakuonyesha hasara ya joto. Paneli mbili au zaidi zilizofungwa sambamba zipime moja moja, maana kwa pamoja zinapita ampea 10.

## Kupima kwa klempu

12. Klempu ni ya DC lakini inasoma sifuri. Kwa nini?

Bila shaka umebana nyaya mbili pamoja. Mkondo wa kwenda na wa kurudi ni sawa na unaelekea kinyume. Sumaku zake zinafutana. Tenganisha nyaya, bana mmoja tu, uwe katikati ya mdomo wa klempu.

13. Hata nisipobana kitu inaonyesha ampea 0.4. Nimeharibu?

Sumaku ya dunia na ile iliyobaki kwenye chuma cha klempu huathiri kihisi chake. Funga mdomo mtupu, ishike karibu na waya katika mkao uleule utakaopimia, bonyeza kitufe cha sifuri, ndipo ubane. Rudia kila unapohama mahali.

Kwa mkondo mdogo, zungusha waya mara tano kupitia mdomo wa klempu, kisha gawanya namba kwa tano. Taa ya nusu ampea itasomeka 2.5, na kosa la klempu linapungua uzito.

## Shanti na vihisi vya kudumu

14. Shanti niifunge wapi?

Kwenye waya hasi wa betri, karibu na betri. Taminali hasi ya betri ibaki na waya mmoja tu, unaokwenda upande mmoja wa shanti. Kila hasi nyingine, ya kontrola, ya inveta na ya taa, ifungwe upande wa pili. Waya mmoja ukirukia moja kwa moja kwenye betri, mkondo wake hautahesabiwa, na mita itakwambia betri imejaa wakati taa zinazimika. Kosa hili ndilo tunalolikuta zaidi kwenye mita za betri zinazosemekana kudanganya.

Nyaya nyembamba za mita zifungwe kwenye skrubu ndogo za shanti, si kwenye boliti kubwa, kwani ukinzani wa kiungo cha boliti utajiongeza kwenye kipimo.

15. Nataka kusoma mkondo kwa Arduino au ESP32 (bodi ndogo za kuprogramu). Nitumie kihisi gani?

INA219 ni sahihi kwa mikondo midogo. Bodi zake za kawaida zina ukinzani wa omu 0.1 na hufika ampea 3.2. Ukomo wake wa volti ni 26, na hapo ndipo wengi huiunguza: betri ya volti 24 ikichajiwa hupita volti 28. Kwa mfumo huo chukua INA226, inayofika volti 36.

ACS712 hupatikana kwa ampea 5, 20 na 30. Ikiwa kwenye volti 5, sifuri yake ni volti 2.5, na ile ya ampea 30 husogea milivolti 66 kwa kila ampea. Hatua moja ya Arduino Uno ni karibu milivolti 4.9, kwa hiyo huwezi kuona tofauti ndogo kuliko ampea 0.07, kupimia taa moja haifai. Sifuri yake pia hufuata volti za umeme unaoilisha: USB ikishuka hadi 4.8, sifuri inakuwa 2.4. Ipime kila programu inapoanza, mkondo ukiwa umekatwa. Kwa ESP32 gawanya volti za kihisi kwa vikinzani kwanza, kwani pini zake hazistahimili zaidi ya 3.3.

16. Namba zinarukaruka hovyo.

Kontrola ya PWM na inveta zote huvuta mkondo kwa mapigo. Inveta ya hezi 50 huvuta mapigo 100 kwa sekunde kutoka betri. Ukisoma mara moja tu unakamata kilele au bonde. Chukua sampuli nyingi ndani ya milisekunde 100 kamili, kisha toa wastani. Muda huo unabeba mapigo kamili ya hezi 50 na ya hezi 60.

## Kuelewa ulichosoma

17. Jua ni kali, paneli haina kivuli, lakini inatoa ampea moja tu.

Kabla ya kuilaumu paneli, tazama betri. Betri ikikaribia kujaa, kontrola yenyewe hubana mkondo. Washa mzigo mkubwa kiasi. Ampea za paneli zikipanda palepale, hakuna tatizo. Zisipopanda, fanya kipimo cha swali la 11. Shoti ikiwa nzuri, hitilafu iko kwenye nyaya, viungo au kontrola. Ikiwa mbaya, tafuta kivuli: hata kivuli cha tawi kwenye seli chache hushusha mkondo wote, maana seli zimefungwa mfululizo.

18. Ampea zinanionyeshaje kwamba betri imejaa?

Volti ziwe kwenye kiwango cha kujazia na mkondo uwe umeshuka, yote mawili kwa pamoja. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 ikikaa kwenye volti 14.4 huku ikipokea ampea 1 au 2 tu, imejaa. Mkondo mdogo kwenye volti 13 hauna maana hiyo. Huenda ni wingu tu.

19. Nimeingiza ampea-saa 30 nikatoa 26 tu, na betri imeisha. Mita inadanganya?

Hapana, kama nyaya ziko kama swali la 14. Betri ya risasi hairudishi yote. Ili utoe ampea-saa 100 huenda ukaingiza 110 hadi 120. Ya lithiamu hurudisha karibu zote. Weka kiwango hicho kwenye mita ya betri, na irudishe kwenye asilimia 100 kila betri inapojaa kweli, la sivyo makosa madogo hujilimbikiza.

20. Usiku kila kitu kimezimwa, asubuhi betri imeshuka. Nitafuteje mla umeme?

Weka mita kwenye waya wa betri kwa 10A kwanza. Ukianza na mA, taa moja ikijiwasha fyuzi inakatika. Mkondo ukiwa chini ya ampea 0.1 ndipo uhamie mA. Kontrola pekee hula miliampea kumi hivi. Inveta iliyowashwa bila mzigo hula kama ampea 0.3 hadi 1, na nusu ampea kwa saa 12 ni ampea-saa 6 zilizopotea. Chomoa kimoja kimoja huku ukitazama namba. Ukichomoa paneli na namba ikashuka, umeme unarudi paneli usiku: kontrola haizuii tena.

## Hali zisizo za kawaida

21. Sina klempu wala shanti, na mkondo unazidi ampea 10.

Tumia waya wenyewe kama shanti. Mita moja ya waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba ina ukinzani wa miliomu 6.9, wa 4 una 4.3, wa 6 una 2.9. Weka multimita kwenye milivolti 200, gusa nukta mbili za waya huo zilizo mita moja mbali, kisha gawanya milivolti kwa miliomu: 69 kwenye waya wa 2.5 ni ampea 10.

Waya ukipata moto ukinzani hupanda, hivyo kwenye nyuzi 50 utasoma kama asilimia 12 zaidi ya ukweli. Waya wa alumini uliopakwa shaba utakudanganya zaidi ya hapo. Ukwaruze uzi mmoja uone kama ndani ni mweupe. Milivolti utakazopata ni ushahidi pia wa hasara ya njiani: mita kumi za waya huo kwenda na kurudi, kwa ampea 10, zinakula karibu volti 1.4.

22. Paneli zangu mbili ziko mfululizo na moja ni dhaifu. Nitaigunduaje?

Mkondo wa mfululizo ni mmoja kote, kwa hiyo kupima katikati hakusaidii. Zitenganishe, upime shoti ya kila moja ndani ya dakika moja, kabla jua halijabadilika. Tofauti ya zaidi ya asilimia 10 kati ya paneli za aina moja, zote safi na zimeelekezwa sawa, inatosha kuitoa ile dhaifu na kuifungia kontrola yake.